Mtu wa Chumvi Anabisha Mlango

Nilipokuwa mtoto, kule Kambove, jino langu la nyuma lilioza. Baba yangu alilivumilia jino hilo vizuri sana kwa kuwa halikuwa kinywani mwake. "Litaanguka lenyewe," alisema. Halikuanguka. Shavu likavimba hadi jicho likafumba, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kupaza sauti, akamwambia baba maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu mama ni marehemu na nataka mumwone vizuri. Siku hiyohiyo baba akanipakia kwenye kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku kwetu, akanipeleka zahanati ya Kampani, yaani kampuni ya migodi.

Muuguzi alikuwa mtu mnene mwenye koleo. Alinigeuza uso nitazame picha ya ng'ombe iliyobandikwa ukutani. Nikatazama. Akavuta. Akakiangalia alichovuta, akakitupa haraka kwenye ndoo, akavuta tena. La kwanza lilikuwa jino zima, si lile bovu. Nasema hivi kwa hasira, mnisamehe, miaka imepita mingi, lakini jino la utu uzima likishang'olewa limekwenda. Nikitafuna muhindi wa kuchoma, upande ule ni fizi tupu, na namkumbuka yule ng'ombe.

Baba aliona aibu, ingawa hakusema. Jioni akanichukua mpaka kwenye uwanja wa klabu ya wafanyakazi, ambako Kampani ilikuwa ikitundika shuka jeupe na kuonyesha sinema bure. Wakati ule Kampani ilikuwa inatupa kila kitu: unga, shule, dawa, jeneza, na sinema. Nilikaa chini nikiwa nimejazwa pamba kinywani. Kwenye shuka akatokea bwana mmoja mrefu, nguo nyeusi, anayelala ndani ya sanduku mchana na kunywa damu za watu usiku. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Wazee nyuma yangu walisema palepale, "Mutumbula huyu." Maana sisi tulikuwa na hadithi zetu za batumbula, watu wa kuteka watu njiani na kuwapeleka kwa wakubwa waliwe, na hadithi hizo wazee hawakuzisikia kwenye sinema.

Basi bwana yule anainama juu ya shingo ya msichana, uwanja mzima kimya, na mimi pamba ikaniponyoka. Mbele yangu alikaa mama mmoja muuza karanga. Aligeuka, sijui kwa nini, labda kuepuka kuangalia. Akaniona mimi, jicho moja limefumba, damu inashuka toka kinywani mpaka kwenye shati.

"Mama yangu eee! Mutumbula iko hapa! Angalia kinywa yake!"

Beseni la karanga likaruka. Watu wazima, wavunja mawe, watu wa baruti, walikimbia wakakanyagana. Baba alinishika sikio akanivuta nyumbani, na njiani niliona mabega yake yanatetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuzipenda sinema za mazimwi, na sijaacha. Juzi kijana wa jirani alinikuta barazani natazama moja kwenye simu ya binti yangu, ile ya rangi nyeusi na nyeupe, akasimama nyuma yangu akaanza kucheka.

"Papa, hii njo inakutisha? Hii muntu iko natembea sawa na muzee wa kuumwa mugongo! Minye ningemukimbia hata na mutoto mu mugongo."

Nilimfukuza. Kisha nikakaa na hasira siku nzima, si kwa ajili yake, yeye ni mjinga tu kama nilivyokuwa mimi. Ni kwamba alinikumbusha jambo, na jambo hilo nimelibeba muda mrefu bila kuliweka popote. Shule niliacha mapema, kalamu inanichosha mkono, lakini nitaandika.

Huyo kijana hajui kwa nini zimwi la zamani linatembea polepole. Linatembea polepole ili ulione. Sinema za siku hizi zinachinja tu: kisu, damu, mwingine, kisu, damu, mwingine. Unaruka kwenye kiti kama umekanyaga moto, basi, umekwenda kulala. La zamani linakutisha kwanza, kisha linasimama kwenye mwanga, unaona mikono yake mikubwa haijui pa kujiweka, na kabla hujatoka nje umeanza kulihurumia. Hofu na huruma ndani ya saa moja. Nani leo anakupa vyote viwili? Mchungaji anakupa hofu. Mwanasiasa anakupa hofu. Huruma ununue mwenyewe.

Sasa nifike Likasi, maana ndiko yalikotokea.

Nilihamia Likasi kwa kazi, nikaoa huko, nikakaa kambi ya wafanyakazi. Miaka ya tisini ilipoingia Kampani ikaanza kufa. Haikufa kama mtu, kwa kilio na mazishi. Ilikufa kama nyumba iliyoliwa na mchwa, inaonekana imesimama, unaiegemea mkono unaingia ndani. Posho ya unga ikapungua, kisha ikawa leo hakuna, kesho labda. Zahanati ikabaki na kitanda na muuguzi asiye na dawa. Noti za pesa zilikuwa zinabadilika thamani kati ya asubuhi na jioni, na nyingine muuzaji alikurudishia usoni. Kilichobaki ni umeme. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa unakuja kambini kana kwamba haukuambiwa kwamba Kampani imekufa. Tulikuwa na taa na hatuna cha kula chini yake.

Kisha wakaja waporaji, na kati ya waporaji walikuwemo majirani zangu, msidhani walitoka mwezini. Klabu ya wafanyakazi ilivunjwa. Watu walibeba viti, milango, masinki, mpaka nyaya za ukutani. Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema pale klabu tangu ujana wake. Yeye aliingia pamoja na waporaji, akabeba mashine kichwani, watu wakampisha wakidhani na yeye anaiba. Akaenda kuificha chini ya kitanda cha watoto wake.

Huyo ndiye mwenzangu. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, kwa hiyo nilimwita yaya, kama tunavyomwita kaka au dada mkubwa. Mtu mwembamba, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata kwenye joto, na sauti ambayo haikufanana na mwili wake. Ukiisikia kwa mbali ungengoja litokee pande la mtu.

Tulishirikiana. Tulipata ghala la zamani la kantini, tukaziba madirisha kwa magunia ya juti ili mchana uwe giza, tukatundika shuka la mke wangu. Yeye aliendesha mashine, mimi nilisimama mlangoni. Kiingilio kilikuwa kikombe cha unga au vipande vya makaa, tukagawana. Jumapili baada ya ibada ghala lilijaa. Watu walitoka kanisani ambako waliambiwa sinema hizi zinaleta mapepo, wakaja moja kwa moja kwetu na Biblia zao kwapani.

Sinema tulikuwa nazo chache, zile alizowahi kuziokoa. Ya bwana wa sanduku. Ya maiti iliyofungwa vitambaa. Na moja ambayo hatukuwahi kujua jina lake, kopo lake lilikuwa limeliwa na kutu, na lugha yake haikuwa Kifaransa wala Kiingereza, lugha kama ya watu wenye kikohozi. Sisi tuliiita Mtu wa Chumvi.

Nawaeleza. Ni mgodi wa chumvi, nchi ya mbali, ya baridi. Nguzo za ndani zinavunjika, mchimbaji mmoja anabaki chini. Mkubwa wa mgodi, mtu mwenye kofia na mnyororo wa saa, anasema shimo lifungwe, na linafungwa. Miaka inapita. Siku moja baruti inafungua ukuta, na yule mchimbaji anatoka, anatembea. Mweupe tangu nywele mpaka kucha. Chumvi imemhifadhi kama samaki. Hajui kwamba muda umepita. Anachotaka ni kwenda nyumbani tu. Anashuka kijijini polepole, anabisha mlango, wanafungua, wanamwona, wanapiga kelele. Anakwenda mlango wa pili. Wa tatu. Mwisho kijiji kizima kinatoka na mienge na mbwa, kinampandia kilimani ambako amefika kwenye nyumba ya mwisho, ameinua mkono abishe.

Hapo bobini, gurudumu la utepe wa sinema, inakatika. Bobini ya mwisho tuliikosa. Katika uporaji mama mmoja wa kambini aliichukua, na utepe wa sinema unang'aa, hivyo akaukatakata akautundika kwenye shamba lake la mahindi kufukuza ndege. Nilikwenda kuuona. Nilishika vipande nikavielekeza juani nipate kujua mwisho. Mvua ilikuwa imekwisha kuosha kila kitu, nikaona kivulivuli kimoja, labda mlango, labda mti. Nilimkasirikia yule mama.

Akanijibu, "Baba, ndege walikuwa wananila. Weye unalilia picha?"

Kwa hiyo mwisho aliutunga yaya. Sinema zote alizieleza kwa mdomo, maana hatukuelewa lugha zake. Alikaa kando ya mashine na faneli aliyoitengeneza kwa bati la kopo la mafuta, akasema sauti za wote: mkubwa wa mgodi, mwanamke, mbwa. Mkubwa wa mgodi alimpa Kifaransa cha puani cha wakubwa wetu, watu wakafa kwa kicheko. Na Mtu wa Chumvi alimpa sauti ya baba yake mwenyewe.

Baba yake alitoka Kasai zamani, aliletwa na Kampani kufanya kazi. Yaya alizaliwa Likasi, Kasai hakuwahi kuiona hata kwa treni. Lakini nyumbani kwao baba alisema lugha ya kwao, na kila alipotoka kazini alisimama mlangoni kabla ya kuvua viatu akaita, "Moyo!" Ndiyo salamu yao. Na waliomo ndani wanaitikia, "Eyo, moyo!"

Basi Mtu wa Chumvi akifika mlangoni, anainua mkono mweupe, tok tok tok, na kutoka kwenye faneli inakuja sauti nzito, ya kuchoka, ya mtu aliyetoka zamu: "Moyo!"

Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili mzee mmoja, mchimbaji mstaafu, aliitikia kwa utani toka benchi la mbele: "Eyo, moyo!" Toka siku hiyo ikawa desturi. Kila mlango ghala zima linaitikia, Wabemba, Wasanga, Waluba wa hapa, Waislamu wa kutoka mashariki, watoto, wote, "Eyo, moyo!" halafu mlango kwenye shuka unafunguliwa, yule mama wa kizungu anapiga kelele, na sisi tunamzomea yeye. "Mama, mupe kiti!" walisema. "Mupe hata maji, iko natoka mbali!"

Yule mchimbaji mstaafu alishikilia kwamba sinema ilipigwa Kambove. "Hili shimo nalijua. Nimeshuka humo," alisema.

"Na ile theluji, muzee?"

"Theluji gani? Ni chumvi. Sinema njo ya chumvi, hausikie?"

Bobini ikikatika, shuka linabaki jeupe, na yaya anaeleza mwisho kwa mdomo, kila Jumapili mwisho mwingine. Jumapili moja mlango ulifunguliwa na mkewe, amekuwa bibi kizee, akamwambia tu, "Chakula yako imepoa." Yule mama wa shamba la mahindi alilia mpaka kitambaa kikalowa. Jumapili nyingine alifungua mwanawe, mtoto amekuwa mkubwa kuliko baba, hawajui nani amwamkie nani. Siku nyingine hakufungua mtu, akakaa kizingitini mpaka wale wenye mienge wakafika wakachoka wakaketi naye. Watu walitoka nje wakigombana kuhusu mwisho upi ni wa kweli. Wengine walikuja mlangoni kwangu katikati ya juma kuomba, "Mwambie fundi Jumapili hii amfikishe nyumbani."

Mnaniuliza watu wenye njaa walitaka nini kwenye zimwi? Njaa yetu haikuwa na uso, ndiyo sababu. Kilichotula hatukukiona. Huwezi kuzomea bei ya unga. Huwezi kuangalia Kampani machoni, ukienda ofisini unakuta karani naye ana njaa. Lakini zimwi lina miguu. Linapitia mlangoni. Na huyu wetu alikuwa mchimbaji, amefungiwa shimoni na mkubwa, ametoka anatafuta nyumba yake. Sisi wa kambi hatukuhitaji mchungaji wa kutueleza huyo ni nani.

Nilidhani hivyo. Nilidhani watu wameelewa! Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Maana mwaka ule wakubwa walianza kusema kwenye redio na kwenye mikutano kwamba shida yetu imejulikana inatoka wapi. Si mgodi mkubwa wa Kampani ulioporomoka. Si wale waliokula fedha. Ni watu wenye baba kutoka Kasai, wamejaza kazi na nyumba, warudi kwao. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Neno hilo nililisikia kwa mtu mzima kwanza, halafu kwa watoto wanaoruka kamba. Zimwi likapatikana, na lilikuwa na uso, na lilikuwa linakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Vijana walipita mlango kwa mlango wakiuliza, "Baba yako alitoka wapi?" Watu waliozaliwa nasi, waliotuzikia watoto wetu, walibeba magodoro wakaenda kulala kwenye gare, stesheni ya treni, wakingojea mabehewa ya kuwapeleka nchi ambayo wengi hawakuijua. Walingoja juma kwa juma kwenye jua na mvua, chini ya maturubai na mashuka. Watoto walikufa pale kwa kuhara. Mke wangu alipeleka ndoo za maji, akarudi kuchota nyingine.

Yaya alimpeleka mkewe na watoto gare. Yeye akabaki. Jumamosi mchana nilimkuta ghalani anafunga mkanda wa mashine kwa kipande cha mpira wa kinga.

"Yaya," nikamwambia, "treni ikifika leo?"

"Kesho iko Jumapili. Nitaonyesha."

"Utaonyesha nani? Bale bantu njo benye kupita ku milango!"

"Njo bale." Akavuta mkanda, akaupima kwa kidole. "Njo bale minye nataka kusikia. Nitaonyesha Mtu wa Chumvi. Nitasema Moyo, sawa siku zote. Bakiniitikia, naenda gare kuchukua mama na batoto, tunarudi ku nyumba."

"Na basipoitikia?"

"Bon," akasema, yaani basi.

"Bon nini?"

"Bon tu, ndugu. Nishikie hapa."

Nikamshikia. Nilitaka kumwambia ni wazimu kuweka mke na watoto juu ya neno moja la watu ghalani. Lakini alikuwa amewasikia watu wale wakiitikia Jumapili baada ya Jumapili, na mimi pia nilikuwa nimewasikia, na kwa kweli niliamini. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, "Kesho watarudi."

Jumapili ghala lilijaa kuliko siku zote. Walisimama hata kwenye kuta. Nilifurahi, mjinga mimi. Mchimbaji mstaafu alikuwepo benchi lake la mbele. Mama wa shamba la mahindi alikuwepo na mtoto mgongoni. Walikuwepo pia vijana wa milango, na mmoja wao, mwenye kitambaa chekundu kichwani, alinipa kikombe chake cha unga kwa adabu kabisa, "Shikamoo, papa," akaingia akaketi.

Mashine ikaanza kunguruma. Mgodi, nguzo, mkubwa mwenye kofia. Yaya alimpa kile Kifaransa cha puani, wakacheka vizuri. Baruti. Mtu wa Chumvi akatoka shimoni, akashuka kijijini. Mlango wa kwanza. Mkono mweupe ukainuka. Tok tok tok.

"Moyo!"

Kimya.

Nilimwona mchimbaji mstaafu. Mwanga wa shuka ulikuwa usoni pake. Alifungua kinywa, nakiri kwamba alikifungua, kisha akakifunga akaangalia viatu vyake. Huyo ndiye aliyeianzisha desturi! Nikaitikia mimi, toka mlangoni, kwa nguvu zangu zote: "Eyo, moyo!" Sauti yangu ikazunguka ghala peke yake kama kuku aliyepotea. Vichwa vikageuka.

"Kumbe na weye njo wa kwabo, papa?" mtu akauliza gizani. Wakacheka.

Mlango wa pili. Yaya hakuharakisha, hakupunguza sauti. "Moyo!" Benchi likalia, mtu amejigeuza. Nikaitikia tena. Safari hii hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mlango wa tatu. "Moyo!"

"Rudi kwenu!" Ni yule wa kitambaa chekundu.

Na hapo ghala likapasuka. Waliokuwa wamenyamaza kwa hofu sasa walipata la kusema. Walipiga makofi, walipiga miguu chini. Yule mama wa kizungu kwenye shuka, ambaye tulimzomea Jumapili zote, sasa walimshangilia. Mienge ilipotoka, kijiji na mbwa wake, wakaanza kwa pamoja, "Muchome! Muchome!" Nilimtafuta mama wa shamba la mahindi. Alikuwa amesimama, mtoto mgongoni anarukaruka, anapaza sauti kama wengine. Mama huyu huyu! Alilia kitambaa kikalowa kwa ajili ya chakula kilichopoa! Nilitaka kumkamata bega nimuulize, ulikuwa unamlilia nani siku ile? Ulidhani sauti ile ilitoka wapi, kwenye bati? Ulidhani kopo la mafuta lina baba?

Mpaka leo natamani kumuuliza, na bado tunaonana sokoni, ananiuzia mboga, ananiongezea kidogo, na mimi nachukua.

Bobini ikafika mwisho, mkono umeinuliwa kwenye mlango wa mwisho. Tap tap tap, utepe unapiga hewa. Shuka likawa jeupe, na wote tukaonekana nyuso.

"Mwisho!" wakaita. "Fundi, leta mwisho! Muchome!"

Yaya aliinua faneli ikafika kinywani. Wakanyamaza, maana walikuwa wamezoea kunyamaza hapo. Hata yule wa kitambaa chekundu aliinama mbele, anataka kusikia. Sijui alikuwa anawaza nini. Yaya akaishusha faneli. Akaiweka juu ya kiti chake taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akachukua koti lake la kijivu kwenye msumari, akaja kwangu mlangoni akipita kati ya magoti ya watu, na watu walivuta miguu kumpisha, mmoja akamwambia, "Pole, fundi."

"Yaya," nikasema.

"Zima taa ya mashine," akaniambia. "Ikiwaka hivi itapasuka."

"Unaenda wapi? Banangojea."

Akanisogeza mkono uliokuwa umeshika gunia la mlango, akatoka. Nje jua lilikuwa kali, ni saa tisa tu mchana, na mwanga uliingia ndani wakalalamika, "Funga! Funga mlango!" Walidhani amekwenda kukojoa. Walikuwa wanangoja arudi awape mwisho wao, na mmoja akaanza kupiga mluzi.

Nilitoka nyuma yake mpaka barabarani. Alilivaa koti lile katika joto lile, akapita bomba la maji ambapo kina mama walikuwa kwenye foleni ya ndoo, hakuamkia mtu wala hakuamkiwa. Nilimwita mara mbili kwa jina lake la utoto. Alifika kwenye kona ya duka la mikate lililofungwa, akakata upande wa gare, na hakurudi tena.